Mshika Mbili: Nafasi ya Kuandika katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayejitwisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na wengi huipokea kama hukumu isiyo na rufaa. Hata hivyo, historia ya fasihi ya Kiswahili inaiweka methali hii katika mtihani mgumu. Tangu tenzi za visiwa vya Lamu hadi riwaya na tamthilia za baada ya Uhuru, ni waandishi wachache mno walioishi kwa kalamu peke yake. Walikuwa makarani, wahariri, walimu, wahadhiri na wanafunzi wa shahada za juu, na wengi wao walikuwa na watoto wa kulea. Walishika mbili, wengine tatu, na bado vitabu vipo.

Kwa kawaida, mambo haya hutajwa katika wasifu wa mwandishi na kuachwa hapo. Msomaji huambiwa kwamba fulani alikuwa karani, alioa, alipata watoto. Kisha uchambuzi huanza kana kwamba vitabu vyake viliandikwa na mtu asiye na nyumba wala mwajiri. Mhadhara huu unakusudia kuyarudisha mambo hayo ndani ya uchambuzi. Maswali yanayoulizwa ni mawili. Kwanza, nafasi ya kuandika ilitoka wapi? Pili, nafasi hiyo, kwa uchache wake na kwa namna ilivyopatikana, iliacha alama gani katika kazi zenyewe? Hoja inayotetewa ni kwamba mgawanyo wa muda kati ya malezi, ajira na masomo ni mojawapo ya nguvu zilizochagua tanzu, urefu wa kazi na hadhira yake. Aidha, nafasi hiyo haikupatikana bure hata mara moja. Daima kuna mtu aliyeilipia, na mara nyingi mtu huyo hakutajwa jina.

2.0 Ushahidi wa Lugha

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha huhifadhi fikra za watumiaji wake. Neno *nafasi* katika Kiswahili hubeba maana ya mahali na maana ya muda. Mtu akisema “hakuna nafasi” akiwa mlangoni mwa basi, anazungumzia mahali pa kukaa; akisema “sina nafasi” alipoalikwa arusini, anazungumzia muda. Neno *wasaa* nalo, ambalo leo hueleweka zaidi kama muda wa kutosha au fursa, asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya upana. Kwa Mswahili, basi, mwenye muda ni mtu aliye katika upana, na asiye na muda amebanwa.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa, kwa sababu mjadala wa kimataifa kuhusu uandishi na majukumu ya nyumbani umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mahali. Mwezi wa Oktoba 1928 mwandishi wa Kiingereza Virginia Woolf alitoa mihadhara katika vyuo vya wanawake vya Cambridge, na mwaka 1929 akaichapisha kama kitabu. Alidai kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Dai hilo lina nguvu, na limenukuliwa kote duniani. Hata hivyo, Kiswahili kingeuliza swali pana zaidi: chumba bila wasaa kina faida gani? Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuwa na vyumba vitatu na asiwe na nafasi hata moja.

Neno *andika* linafundisha jambo jingine. Mswahili huandika barua, huandika meza kwa ajili ya chakula, na huandika mtu kazi. Maana zote tatu zinakutana katika wazo la kuweka vitu au watu katika mpangilio unaostahili. Kwa hiyo tendo la mwandishi, tendo la mwenye nyumba na tendo la mwajiri yanaitwa kwa kitenzi kimoja. Si busara kujenga nadharia nzima juu ya kitenzi. Hata hivyo, inatosha kusema kwamba lugha hii haikuona ukuta kati ya karatasi, meza ya chakula na daftari la ajira.

3.0 Mwana Kupona: Malezi Kama Utanzu

Miaka 70 kabla ya mihadhara ya Woolf, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mwenyeji wa Pate, alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mume wake, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mama huyu alikuwa mjane, na mwenyewe anautaja ugonjwa wake katika utenzi. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha mwaka 1934, na tangu hapo umekuwa miongoni mwa tenzi zinazosomwa na kubishaniwa zaidi katika taaluma ya Kiswahili.

Ubishi mwingi umehusu maudhui, hasa mafunzo yake juu ya utii wa mke kwa mume. Wako wanaouona utenzi kama sauti ya mfumo dume iliyotiwa kinywani mwa mwanamke, na wako wanaosikia kejeli chini ya maneno ya utii. Mhadhara huu hauingii katika ubishi huo. Jambo linaloangaliwa hapa ni mazingira ya utungaji kama yanavyojionyesha mwanzoni mwa utenzi wenyewe. Mama anamwita binti asogee, aketi karibu na vifaa vya kuandikia, ili amwambie aliyo nayo moyoni. Kwa Mwana Kupona hakukuwa na saa ya malezi na saa nyingine ya utunzi. Kulea ndiko kulikokuwa kutunga, na mtoto hakuwa kikwazo cha kazi bali hadhira yake ya kwanza.

Bahari ya utenzi ilifaa sana kwa hali hiyo. Kila ubeti una mistari minne mifupi ya mizani nane. Mitatu ya kwanza hukubaliana kwa kina, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachorudi hadi mwisho. Ubeti wa namna hii unaweza kutungwa kichwani, ukahifadhiwa, ukakatizwa na shughuli, ukaendelezwa baadaye bila kupoteza uzi, kwa sababu kina cha bahari humrudisha mtunzi pale alipoachia. Bahari hii haikubuniwa kwa ajili ya akina mama wenye shughuli nyingi, kwani ilitumiwa pia kwa masimulizi marefu ya vita na ya dini. Hata hivyo, ni rahisi kuona kwa nini iliwafaa.

Pamoja na hayo, lazima isemwe kwamba picha hii ya mama na binti haijakamilika. Miji ya Pate, Siyu na Lamu ya karne ya 19 ilikuwa na watumwa, na nyumba za waungwana ziliendeshwa kwa kazi yao. Utenzi wenyewe unawataja. Mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Katika onyo hilo mna habari ya historia ambayo uchambuzi wa mafunzo ya ndoa umeipita haraka. Maji yaliyotekwa, nafaka iliyotwangwa na chakula kilichopikwa siku ambazo mama mgonjwa aliketi na bintiye vilitokana na mikono mingine. Wasaa wa Mwana Kupona ulikuwa jasho la watu ambao utenzi unawataja kwa hadhi yao tu na si kwa majina. Hilo haliupunguzii utenzi thamani, bali linaonyesha gharama yake.

4.0 Karani na Mhariri

Katika karne ya 20 mwandishi wa Kiswahili aliingia katika ajira ya mshahara. Mfano ulio wazi zaidi ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha, kisha katika idara nyingine, akihamishwa kila mwajiri alipoamua. Kazi yake ya fasihi, ambayo inazidi vitabu ishirini vya nathari na ushairi, ilifanywa pembeni mwa ajira hiyo.

Shaaban Robert alikuwa pia baba aliyefiwa na mkewe, Amina, akaachiwa watoto. Kitabu cha *Maisha Yangu* kina tenzi mbili zilizotungwa kwa ajili ya watoto wake: *Hati* kwa binti, na *Adili* kwa mwana wa kiume. Uhusiano wa tenzi hizi na ule wa Mwana Kupona umetajwa mara nyingi kama suala la mapokeo: mtunzi wa baadaye amefuata nyayo za wa zamani. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Mtunzi alikuwa na mapokeo mengi ya kuchagua. Alichagua utenzi wa wasia kwa sababu ulimruhusu kutimiza wajibu wa mzazi na wajibu wa mshairi kwa tendo moja. Hapa baba anashika kalamu mahali ambapo mapokeo yalimweka mama, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya jinsia na fasihi ya Kiswahili.

Ajira ya ukarani haikumwachia muda mrefu wa mfululizo, na ni vigumu kutoona alama yake katika kazi zake za nathari. *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951, imejengwa kwa masimulizi ya wajumbe yanayofuatana; kila safari inajitosheleza na inaweza kusomwa, na pengine kuandikwa, kwa kikao kimoja. *Adili na Nduguze*, ya mwaka 1952, ni kisa kifupi. Yako maelezo mengine ya ufupi huu, yakiwemo athari ya ngano na mahitaji ya wachapishaji wa vitabu vya shule. Maelezo ya muda hayayafuti hayo, bali yanasimama kando yake. Linaloumiza zaidi ni suala la uchapishaji. *Kufikirika* ilitoka mwaka 1967 na *Utubora Mkulima* mwaka 1968, mwandishi akiwa amekwisha kufa. Aliyetumikia ofisi kwa zaidi ya miaka thelathini hakubakiwa na miaka ya kutosha ya kuvitazama vitabu vyake vikisomwa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar anatoa ushahidi wa upande wa pili, yaani wa kile kinachotokea mzigo unapotuliwa. Alizaliwa mwaka 1918, akawa mwandishi wa habari, na tangu mwaka 1958 alihariri jarida la *Mkulima* hadi alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 lililoendeshwa na Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Riwaya ya pili ya mpelelezi Bwana Msa, *Kisima cha Giningi*, ilitoka mwaka wa kustaafu kwake. Baada ya hapo zikafuatana *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* mwaka 1975 na *Mwana wa Yungi Hulewa* mwaka 1976. Riwaya moja katika miaka kumi ya uhariri. Riwaya nne katika miaka minne ya kustaafu. Tarehe za kuchapishwa si tarehe za kuandikwa, na tahadhari hiyo lazima ishikwe. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno kuwa bahati tu.

5.0 Masomo ya Juu: Kimya na Mageuzi

Baada ya Uhuru kulizuka mzigo wa aina mpya: mwandishi ambaye pia ni mwanafunzi wa shahada ya juu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha hali hii, na waandishi wawili wanaonyesha mwelekeo unaofanana kwa namna ya kushangaza.

Ebrahim Hussein aliandika *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969, na *Mashetani*, iliyotoka mwaka 1971. Kisha alikwenda Berlin Mashariki, ambako mwaka 1975 alikamilisha udaktari kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata ikatoka *Jogoo Kijijini*, pamoja na *Ngao ya Jadi*. Kazi hizi mbili zimeachana na tamthilia ya wahusika wengi na kuegemea sauti ya mtambaji mmoja wa hadithi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971, muda mfupi baada ya shahada ya kwanza. Wakati wa ualimu na masomo ya uzamili alitoa *Kichwamaji* na diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, na *Dunia Uwanja wa Fujo* mwaka 1975. Tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert ni ya mwaka 1976. *Gamba la Nyoka* ikafuata mwaka 1979. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikopata udaktari mwaka 1985. Katika miaka hiyo hakutoa riwaya mpya. Riwaya zilizofuata, *Nagona* na *Mzingile*, hazifanani na za awali: uhalisia umevunjwa, na hadithi imekuwa safari ya kifalsafa.

Mfuatano huu unaonyesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba udaktari hunyamazisha. Tasnifu hudai muda ule ule na akili ile ile inayodaiwa na riwaya, na hapo methali ya mshika mbili inasema kweli. La pili ni kwamba kimya hicho si utupu. Tasnifu ya Hussein ilihusu tamthilia, ya Kezilahabi ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Na maswali ya tasnifu hizo yanasikika katika kazi zilizofuata. Kilichoponyoka mkononi kilirudi kikiwa na umbo jingine. Ni halali kuuliza ni riwaya ngapi za aina ya *Gamba la Nyoka* hazikuandikwa. Ni halali pia kujibu kwamba pasipo miaka ile huenda *Nagona* isingeandikwa kabisa.

6.0 Nani Alilipa?

Mifano ya sehemu mbili zilizotangulia ni ya wanaume. Hilo halikutokea kwa uteuzi wa mhadhara, bali limetokana na rekodi yenyewe. Mtafiti anayetafuta riwaya za Kiswahili zilizochapishwa na wanawake katika miaka ya 1970 hupata chache sana; *Shida* ya Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1975, hutajwa mara kwa mara kwa sababu hakuna nyingi za kutaja kando yake. Elimu ya wasichana ilikuwa finyu, na hiyo ni sababu kubwa. Sababu nyingine ni kwamba, mwanamke aliyefika chuo kikuu na kupata ajira, kazi za nyumbani hazikupungua mikononi mwake kwa kadiri kazi za ofisini zilivyoongezeka. Mwanamume mwandishi aliporudi kutoka ofisini, kwa kawaida alimkuta mtu aliyekwisha kupika na kuogesha watoto. Mwanamke mwandishi aliporudi, mara nyingi mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Katika muktadha huo, kazi za Penina Muhando Mlama zina nafasi ya pekee. Tamthilia zake nne, *Hatia*, *Tambueni Haki Zetu*, *Heshima Yangu* na *Pambo*, zilitoka kati ya 1972 na 1975. Baada ya hapo alisomesha na kushiriki katika sanaa za maonyesho ya jamii vijijini. *Nguzo Mama* ikatoka mwaka 1982. Katika tamthilia hiyo wanawake wa kijiji cha Patata, waliopewa majina ya namba kuanzia Bi Moja, wanajaribu kuisimamisha nguzo. Kila wanapoishika kamba, mmoja baada ya mwingine anavutwa na shida ya nyumbani kwake, na nguzo haisimami. Wahakiki wameisoma nguzo hii kama ukombozi wa mwanamke, nao wako sahihi. Lakini tamthilia hiyo inaweza pia kusomwa kama uchambuzi makini wa muda uliokatizwa. Wanawake wa Patata hawakosi nia wala nguvu. Wanachokosa ni saa moja ambayo wote wako huru pamoja.

Mwaka huo huo, Muhando, Balisidya na Amandina Lihamba walitoa *Harakati za Ukombozi*, tamthilia iliyoandikwa kwa ushirikiano. Utunzi wa pamoja ulikuwa na mizizi katika itikadi ya wakati ule na katika desturi za sanaa za maonyesho. Hata hivyo, yafaa kuutazama pia kama jibu la kiutendaji kwa tatizo la *Nguzo Mama*: pale ambapo hakuna aliye na siku nzima, watu watatu wanaweza kuunganisha vipande vya siku zao. Haba na haba hujaza kibaba.

Suala la mlipaji halikuisha na utumwa. Leo, nyumba nyingi za wahadhiri na wanafunzi wa shahada za juu mijini zinaendeshwa na msaidizi wa kazi za nyumbani, mara nyingi msichana aliyeacha shule mapema. Yeye ndiye anayembembeleza mtoto wakati tasnifu juu ya haki za mtoto wa kike inaandikwa katika chumba cha pili. Haifai kuwahukumu walioko katika hali hiyo, kwani jamii haijawapa njia nyingi. Lakini fasihi na taaluma iliyokwisha kuona watumwa katika utenzi wa 1858 haiwezi kudai kwamba haimwoni msichana huyu.

7.0 Hitimisho

Methali haikukosea, ila haikumaliza habari. Waandishi wa Kiswahili walishika mbili, na mara nyingi kitu kiliponyoka: riwaya iliyochelewa, kitabu kilichotoka baada ya mazishi, miaka ya kimya, na vitabu vya wanawake ambavyo havikupata kuandikwa. Pale ambapo hakikuponyoka, ama mwandishi aliyafanya majukumu mawili kuwa tendo moja, kama Mwana Kupona na Shaaban Robert walivyofanya kwa watoto wao, ama mtu mwingine alikishika kwa niaba yake.

Kutokana na hayo, yapo mambo matatu ya kufanyiwa kazi. La kwanza ni la utafiti: wasifu wa mwandishi usiishie kutaja ajira na idadi ya watoto, bali uulize ni saa zipi aliandika na nani alikuwa akifanya nini saa hizo. Mahojiano ya aina hiyo yafanywe na walio hai kabla hawajaondoka. Kezilahabi amefariki mwaka 2020, na mengi ameondoka nayo.

La pili ni la sera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa siku zisizopungua 3. Tofauti kati ya 84 na 3 inaeleza kwa tarakimu nani anatarajiwa kulea. Aidha, sheria hiyo ni ya waajiriwa. Mwanafunzi wa udaktari asiye na ajira hutegemea huruma ya kanuni za chuo chake. Vyuo vinavyojivunia idara za Kiswahili vina wajibu wa kuziandika kanuni hizo wazi.

La tatu linahusu tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo sasa inajulikana kama Tuzo ya Safal-Cornell, pamoja na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, zimeleta heshima na fedha kwa waandishi. Lakini tuzo humpata aliyekwisha kumaliza mswada. Anayehitaji msaada zaidi ni yule aliye katikati ya mswada, mwenye mtoto mgongoni, mitihani ya kusahihisha mezani na sura ya tatu ya tasnifu inayosubiriwa na msimamizi. Huyo hahitaji kupongezwa kwa uvumilivu wake. Anahitaji nafasi, kwa maana zote mbili za neno hilo.